Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Utamaduni: Andikeni Jina la Mavyaa Wangu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nimeshakuandikia mara tatu kwa Kihungaria, lugha niliyojifunza ukubwani, na mara zote tatu sikujibiwa. Leo naandika kwa Kiswahili, ambacho sihitaji kukitafutia maneno. Mwanangu atakutafsiria, na watu wa kwetu watakuwa mashahidi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa hapa Hungaria katika familia ya Waroma, watu ambao wengine huwaita Majipsi. Mavyaa wangu ana miaka 74. Hajawahi kufundishwa kuchora. Alifanya usafi kiwandani mpaka mgongo ukapinda, na alipofiwa na mumewe akaanza kupaka rangi chochote kilichokuwa karibu: maboksi, mbao za kitanda, milango ya makabati.

Miaka mitatu iliyopita, kwa ajili ya tarehe 8 Aprili, Siku ya Waroma Duniani, watu wako walikuja na gari wakachukua picha zake 11. Ulifungua maonyesho wewe mwenyewe. Ulimsifu mchoraji Mroma János Balázs wa mji wa Salgótarján, aliyeanza kuchora mwaka 1968 akiwa na miaka 63. Ulimsifu Omara, mwanamke Mroma aliyeanza kuchora mwaka 1988 na baadaye akaigeuza nyumba yake ya Budapest kuwa ukumbi wa picha. Ulitukumbusha kwamba maonyesho ya kwanza ya kitaifa ya wasanii Waroma waliojifunza wenyewe yalifanyika Budapest mwaka 1979. Kisha ukamshika mkono mavyaa wangu mbele za watu, ukamwambia picha zitarudi baada ya miezi mitatu.

Mheshimiwa, hiyo miezi mitatu haijaisha?

Ijumaa iliyopita nilikwenda ofisini kwenu kwa shughuli nyingine kabisa. Kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili nikamkuta farasi wetu mweupe, mojawapo ya zile picha 11, ametundikwa ukutani. Chini yake kuna kibao: "Sanaa ya Kijipsi. Mchoraji hajulikani."

Hajulikani! Anakaa vituo vinne vya basi kutoka hapo. Wewe umekunywa kahawa yake.

Nilipouliza, kijana wa mapokezi alinijibu kwamba picha haina saini, kwa hiyo hakuna ushahidi. Saini haipo kwa sababu kalamu inamtaabisha mama yule, siku zote imemtaabisha. Labda mtunza stoo amebadilishwa na orodha ikapotea. Labda kuna mtu anaona picha ya Mroma mmoja ni mali ya Waroma wote, na mwenyewe haulizwi. Sijui, na nimechoka kukisia. Ila sasa nimeelewa kwa nini Omara aliandika maneno yake mwenyewe juu ya picha zake.

Kwetu, mwaka huohuo wa 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli. Naye hakusomea popote. Leo ukitaka kuutaja uchoraji ule, lazima ulitaje jina lake. Nimekua nikijua hivyo, ndiyo maana kibao chenu kimenichoma.

Nilikuwa nimepanga kudai mengi: picha zote 11, barua ya kuomba radhi, fidia ya zile zilizoharibika kama zipo. Bado nazitaka picha. Lakini mavyaa hajalala tangu Ijumaa, na analoliuliza ni moja tu: "Kwa nini wamesema hawanijui?" Basi mengine yatasubiri. Andikeni jina lake. Kibao kile king'olewe, jina lake liandikwe.

Na kuhusu ushahidi: farasi yule amechorwa kwenye mlango wa kabati la nguo alilopewa alipoolewa. Msogelee umtazame jicho. Ni tundu la kitasa. Mavyaa hakuliziba, alilizungushia rangi nyeusi kwa njiti ya kiberiti, kope moja moja. Ufunguo wake unaning'inia jikoni kwetu, kwenye msumari ulio juu ya jiko.

Jumatatu saa tatu asubuhi tutakuja nao, mimi na yeye. Nakuomba uwepo.

Wako kwa heshima,
Mkwe wa mchoraji