Sholay irudiwe, lakini irudiwe nzima

Mhariri,

Picha ya Kihindi ya Sholay, iliyotoka India tarehe 15 Agosti 1975, wengi wanaikumbuka kwa farasi, risasi na jambazi Gabbar Singh. Hayo ni ya mara ya kwanza. Anayeirudia huku anajua kwamba Thakur, polisi mstaafu anayetaka Gabbar akamatwe, hana mikono huona mengine kabisa.

Tazameni shali lake linaloficha siri hiyo. Mwongozaji Ramesh Sippy anatangulia kutuonyesha mapigano ya treni, Thakur akiwa polisi mwenye mikono yake miwili, basi baadaye kule kijijini hatushuku kitu. Siku ya Holi, sikukuu ya rangi ya Wahindu, bunduki iko miguuni pake, Veeru na Jai, wezi wawili aliowakodi wamkamate Gabbar, wamebanwa, naye haiokoti. Mara ya kwanza unamdhania mwoga. Sarafu ambayo Jai huirusha kuamua mambo nayo ina sura moja pande zote mbili, siri inayofichuka akishakufa (steringi hafi, tumezoea kusema; hapa mmoja anakufa). Ukilijua hilo, unatambua kwamba kumpeleka Thakur aliyejeruhiwa hospitali badala ya kutoroka hakukuwa bahati. Jai alikwisha kuamua.

Halafu kuna sauti. Katika mauaji ya familia ya Thakur, mlio wa bembea ndio unaotisha kuliko risasi. Kifo cha kijana Ahmed hatukioni: Gabbar anaponda sisimizi mkononi, kisha farasi anarudi kijijini na maiti. Kwenye nakala zilizotafsiriwa, msimulizi huongea juu ya ukimya wote huo, na utamu unaishia hapo. Afadhali maandishi chini ya picha.

Kabla ya kukaa kutazama, kagua nakala. Ile ya kwenye majumba ya sinema ilikuwa na dakika 198 hivi. Ikiwa chini ya saa tatu, imekatwa. Ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, kisha ikakuzwa hadi 70, kwa hiyo ni pana: kwenye televisheni ya leo lazima ibaki mistari myembamba myeusi juu na chini. Kioo kikijaa, ama kingo zimekatwa, ama televisheni yenyewe imevuta picha. Rekebisha kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha. Zima pia ule ulainishaji wa mwendo, yaani televisheni kujiongezea picha za katikati ili mwendo uteleze. Ukiuacha, jioni zile za Jai akipiga kinanda cha mdomo na Radha, mkwe mjane wa Thakur, akizima taa, ambazo mpigapicha Dwarka Divecha alizisubiria mwanga wa machweo, zinafanana na tamthilia ya studio.

Mwisho nao uko wa aina mbili. Wakaguzi wa filamu wa wakati wa Hali ya Hatari (1975 hadi 1977, serikali ya India iliposimamisha haki nyingi za raia) walikataa Thakur amuue Gabbar kwa viatu vya misumari, ndipo polisi wakaletwa kumzuia. Nakala iliyokarabatiwa, iliyoonyeshwa Bologna, Italia, Juni 2025, imerudisha mwisho wa awali.

Vituo vyetu vikiirusha, matangazo yasubiri mapumziko ya katikati ambayo picha yenyewe inayo, si katikati ya bembea.

Mpenzi wa sinema,
Dar es Salaam