Kuhusu makaa ya mawe na kikao cha Jumamosi

Ndugu wanakikundi, assalaam aleikum.

Kwa kuwa maneno ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, yanavuma tena vibarazani, naomba tuyajibu kwa hoja, si kwa hasira. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo huo wa megawati 1,050, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari zake ilikuwa na kasoro. Hukumu hiyo tuisome wenyewe, kwani wengi wanaoisifu hawajawahi kuifungua.

Wanaodai kwamba Kenya haiwezi kupata umeme wa kutosha bila makaa waulizwe kuhusu umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria na wa upepo wa Ziwa Turkana, huu wa upepo ukiwa na megawati 310. Tena waulizwe nani atawalipa wavuvi, maji ya moto ya kupoza mitambo yakimwagwa karibu na mikoko wanakokulia kamba na samaki wachanga.

Tukutane uwanja wa Mkunguni Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Kila mmoja aje na swali kuhusu sola, hasa bei ya betri, maana hapo ndipo tunapobanwa kila tukibishana.