Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Waliotuzwa

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha kusoma vitabu hapa Tanga, assalaam alaykum. Na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia.

Mkutano kama huu, mwaka jana, ulipitisha kwamba tusome waandishi waliopata tuzo. Mimi nilipinga, na daftari la katibu lipo linashuhudia. Nilisema tutaishia kusoma majina, vitabu tusivione. Nusu ya maneno hayo yalitimia, nusu nyingine nimeumbuka.

Nianze na Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, maana ndicho kilichotula miezi minne badala ya miwili tuliyopanga. Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi, wengi wetu tulishangilia hata kabla ya kukishika kitabu chake kimoja. Mzee wa watu alikuwa na riwaya kumi tayari. Yeye mwenyewe alipopigiwa simu alidhani anataniwa. Aliondoka Unguja akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza, akafundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu. Paradise, iliyotoka mwaka 1994 na kuingia orodha fupi ya tuzo ya Booker ya Uingereza, ilisubiri miaka 28 ndipo Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota wakaichapa mwaka 2022. Ilibidi Nobel igonge mlango kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kulegeza msimamo wangu: bila tuzo ile, sidhani kama leo tungekuwa na Peponi ya kugombania.

Na tuligombania kweli. Nakala zilikuwa sita, sisi tupo 34. Hapa lazima nikiri kosa langu: nilipoagiza mara ya kwanza nilitaja jina la Kiingereza kwenye simu, basi la Dar likashusha nakala tatu za Kiingereza. Mhazini hakunisemesha wiki nzima. Nakala za Kiswahili zilipofika, tukaweka utaratibu wa siku kumi kwa mtu, utaratibu uliovunjwa na kila aliyekisoma, nikiwemo mimi. Nakala namba 2 imerudi na doa la mchuzi wa papa kwenye kurasa za safari ya bara. Aliyekuwa nayo anajijua.

Kikao ninachokikumbuka zaidi ni kile cha Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la babake, naye akidhani anakwenda kutembea kwa mjomba. Vijana wetu waliona ni hadithi ya zamani. Ndipo mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandari, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akasema, "Nyie mnasoma hadithi. Bibi yangu aliwekwa rehani kwa magunia ya mtama." Kahawa ikapoa vikombeni. Nimemjua mzee yule zaidi ya miaka ishirini, sijawahi kumsikia akilitaja jambo hilo.

Ulikuwepo pia ubishi wa Gurnah ni wetu au si wetu, kwa kuwa kaandika Kiingereza na kaishi ugenini. Ulichukua vikao viwili na haukuzaa kitu. Nauruka.

Sasa Shaaban Robert. Kwa huyu nitasema kwa kirefu, mniwie radhi, maana ni wa nyumbani. Alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909. Alikuwa karani. Alianza forodhani mwaka 1926, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Tangu mwaka 1946 alikuwa hapa mjini, ofisi ya wilaya kisha ofisi ya upimaji ardhi, hadi mwaka 1960. Yaani mshairi tunayemwita Shakespeare wa Kiswahili (sifa nisiyoipenda, kwani yeye anatosha kuitwa Shaaban) alishinda mchana kwenye mafaili ya serikali. Kuandika kulikuwa kwa muda wake mwenyewe. Alipewa nishani ya Margaret Wrong ya fasihi ya Afrika na ile ya MBE ya Waingereza. Lakini alifariki Juni 1962, na Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zote zilitoka yeye akiwa kaburini. Nishani alizishika mkononi, vitabu hivyo hakuviona.

Tulikwenda Machui kumzuru. Safari ya kwanza ilikufa kwa sababu mwenye gari aliyechukua malipo ya awali hakutokea, na hela hazijarudi hadi leo. Ya pili tulipanda daladala kama watu wengine. Tukasoma fatiha, halafu tukakaa chini ya minazi, dada yetu mmoja akasoma shairi la Amina, lile alilomlilia mkewe. Alisoma polepole, bila madoido ya jukwaani. Kijana aliyekuwa akitupasulia madafu alisimamisha panga, akauliza, "Huyo aliyefiwa ni nani?" Alipoambiwa ni yule wa kaburi tulilotoka kulizuru, akasema jina analijua tangu shule, ila hakujua kama alikuwa na mke.

Tuliporudi mjini nikaingia maduka manne ya vitabu na madaftari nikitafuta Kusadikika. Sikupata hata moja. Jina la mtu huyu limepewa barabara na shule, lakini kitabu chake tumekiagiza Dar. Hayo ndiyo niliyoyasema mwaka jana, na hapo sirudi nyuma. Walau tulipokipata tulikisoma sawasawa: kesi ya Karama mbele ya mfalme, kisa ni kutaka watu wafundishwe sheria, iligawa ukumbi. Mwalimu mmoja na mwanasheria wetu mstaafu hawajamaliza mpaka leo.

Mengine kwa ufupi. Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya Mohammed Said Abdulla iliyoshinda shindano la mwaka 1957-58, ndiyo iliyoazimwa kuliko zote; mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake bado ana wapenzi. N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani, mshindi wa ushairi katika tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili mwaka 2015, tuliisoma kikao kimoja tu, na haikutosha. Mwenzetu mmoja wa Makorora amepeleka mswada wa mashairi Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ile ambayo washindi wake wa kwanza walitunzwa Aprili 2023. Alinionyesha beti kadhaa. Mizani ilikuwa ikichechemea pahala pawili, tukakaa barazani kwake tukazihesabu kwa vidole hadi adhana ya magharibi. Atakayemuuliza "vipi, umeshinda?" kabla hajasema mwenyewe, atatozwa faini ya kahawa ya kikao kizima.

Fedha ataeleza mhazini. Mimi naongeza moja tu: ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na wanachama 11 hawajalipa tangu Ramadhani. Ukumbi tuliouzoea nao tumeuacha. Mara mbili tulikuta umetolewa kwa kitchen party na sisi tumeshalipia. Kwa sasa tutaendelea na baraza la katibu, Ngamiani, na kila mtu aje na mkeka wake.

Kamati inapendekeza mwaka ujao tusome vitabu vya Shaaban Robert vilivyotoka baada ya kifo chake, tukianza na Utubora Mkulima. Mtapiga kura baada ya chai. Safari hii sipingi.

Na nakala namba 4 ya Kusadikika haijarudi. Kwenye daftari imeandikwa jina langu, lakini nilimpa mtu msibani, Chumbageni, na simkumbuki. Kama upo hapa, tafadhali.