Gari lililoegeshwa haligongani na mtu

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu gari dogo lililoharibiwa eneo la Kisasa, hapa Dodoma, likiwa limeegeshwa mbele ya duka imenifanya nishike kalamu, jambo ambalo sijalifanya kwa miaka yote niliyokuwa msomaji wa gazeti hili. Mwandishi wenu alieleza kwamba magari mawili yaligongana. Aya mbili mbele tukaambiwa kwamba mwenye gari dogo alikuwa dukani, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwake. Sasa gari hilo liligongana vipi? Kugongana ni tendo la wawili, kama kupigana au kusalimiana. Gari ambalo magurudumu yake hayakuzunguka hata mara moja halikugongana na chochote, liligongwa. Naomba nisionekane mtu wa kung'ang'ania viambishi bure, maana kiambishi cha "-an-" kilichomo ndani ya "kugongana" kilinipotezea shilingi 240,000.

Mwezi Februari niliegesha gari langu karibu na Soko la Majengo, upande wa kushoto, ndani ya mistari ya maegesho, breki ya mkono nikiwa nimeivuta hadi mwisho. Kwenye buti nilikuwa na kreti ya zabibu za kumpelekea dada yangu Kondoa. Nikaingia dukani kununua bawaba za mlango, na nilikuwa bado napokea chenji niliposikia kishindo. Nilipotoka nikakuta pikapu imezamisha pua yake kwenye buti langu, vipande vyekundu vya taa vimetapakaa chini, na maji ya zabibu yanachuruzika kutoka kwenye upenyo wa buti mpaka kwenye lami. Dereva, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, aliteremka akiwa na simu mkononi. Alisema, "Shikamoo mzee, nilikuwa naangalia simu kidogo tu." Kisha, walipoanza kukusanyika watu, akaongeza kwamba kama ningeegesha mbele kidogo tusingegongana.

Nimefanya kazi ya upimaji wa ardhi kwa miaka 31, na utepe wa kupimia haukosekani ndani ya gari langu. Nikapima palepale. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa sentimita 25 kutoka kwenye ukingo wa barabara. Matairi ya nyuma, ambayo yalikuwa yamekabwa na breki ya mkono, yaliacha michirizi miwili myeusi yenye urefu wa sentimita 140, kwa kuwa gari lilisukumwa mbele likiwa limefungwa. Nyuma ya pikapu hapakuwa na mchirizi hata mmoja, dalili kwamba dereva hakukanyaga breki kwa nguvu. Askari wa usalama barabarani alipofika nilimwonyesha vipimo vyote vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi. Akaniambia, "Mzee, mmeshagongana, mngemalizana tu wenyewe." Nikamjibu, "Afande, mimi sikugongana na mtu, nilikuwa dukani nanunua bawaba." Waliokuwa wamesimama pembeni wakanisihi nisamehe kwa sababu ajali haina kinga. Lakini msemo huo ulikusudiwa kumfariji aliyepatwa na jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulizuia, na sasa umegeuzwa kuwa hati ya kumwachia aliyeacha kuangalia barabara. Ajali ile ilikuwa na kinga, tena kinga rahisi kuliko zote, yaani kuinua macho na kutazama mbele. Askari akaandika kwenye taarifa yake kwamba magari mawili yaligongana eneo la maegesho. Mimi nina bima ndogo, ile ya shilingi 118,000 kwa mwaka ambayo wengi wetu ndiyo tunaimudu, na bima hiyo haitengenezi gari la mwenye bima bali hulipa madhara aliyomsababishia mtu mwingine. Kwa hiyo gari langu lilipaswa kutengenezwa na bima ya mwenye pikapu. Gereji walinidai shilingi 480,000 kwa taa, bampa, kunyoosha buti na kupiga rangi. Kampuni yake ikasoma neno "yaligongana", ikasema taarifa ya polisi haionyeshi mkosaji, ikalipa nusu. Nusu nyingine niliitoa kwenye pensheni yangu.

Sisemi kwamba aliyeegesha hakosei kamwe. Lori linaloharibikia kwenye kona ya barabara ya Singida, likaachwa usiku bila taa na bila pembetatu za kuakisi mwanga, huku dereva akiwa ameridhika na matawi ya miti aliyoyatandika barabarani, hilo ni mtego, na atakayeligonga ana haki ya kusema kuwa uzembe ulikuwa wa pande mbili. Mahakama nazo hugawanya lawama katika mazingira ya namna hiyo. Hata hapo, lazima pawepo kitu ambacho mwenye lori alikifanya au aliacha kukifanya. Mimi nilifanya kosa gani mchana wa saa tano, ndani ya mistari?

Tena mistari hiyo ninailipia. Mkusanyaji wa ushuru wa maegesho alikwishapita na mashine yake kabla sijapata kufika mlango wa duka, akaingiza namba ya gari langu, na deni nikalilipa siku ileile. Inaniuma kwamba mtu anayelipwa kuzunguka hapo tangu asubuhi, ambaye alijua gari langu limesimama wapi na tangu saa ngapi, alipoulizwa na askari alisema kazi yake ni ushuru tu. Kama mahali hapo pamehesabiwa kuwa ni pa kuegesha wakati wa kudai fedha, pahesabiwe hivyohivyo gari linapogongwa.

Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, mwaka uleule ilipoamuliwa kuwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Nimeuona mji huu ukijaa. Sensa ya mwaka 2012 iliuhesabu mkoa kuwa na watu 2,083,588, na ile ya mwaka 2022 ikapata 3,085,625. Magari yataendelea kuongezeka na nafasi za kuegesha zitabanana zaidi, kwa hiyo jambo hili halitaishia kwangu.

Ninaomba mambo matatu. Gazeti lenu liandike "liligongwa" pale gari lililosimama linapogongwa. Mashine za ushuru ziwekewe sehemu ya kuandika kwamba gari lililoegeshwa limegongwa, pamoja na saa na namba ya aliyegonga. Na kabla magari hayajasogezwa, askari apime umbali wa kila tairi la gari lililoegeshwa kutoka ukingoni, apime na michirizi ya matairi kama ipo, kisha aandike tarakimu hizo kwenye taarifa yake. Utepe wa mita 5 na kipande cha chaki vinatosha. Nimejaribu zoezi hilo mara tatu nyumbani kwangu, na kila mara lilichukua chini ya dakika nne. Askari yeyote anayetaka kuonyeshwa namna ya kupima, mimi nipo kila siku asubuhi isipokuwa Ijumaa.

Mpima ardhi mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma