YAH: Malalamiko Kuhusu Programu Yenu ya Ukaushaji wa Matone na Kauli ya Mtaalamu Wenu

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu. Masharti ya leseni mnayajua, mliyaandika wenyewe, kwa hiyo naenda kwenye lililonikera.

Kikaoni mtandaoni, mbele ya meneja wangu na mafundi wa zamu, nilimwuliza mtaalamu wenu kwa heshima: mbona modeli ya programu yenu inasema unga wa maziwa unafika kwenye ukuta wa chemba ya kukaushia ukiwa mkavu, na sisi tunakwangua kitu kinachonata kama gundi? Akacheka. Akasema, "Mama, modeli haikosei. Angalieni maziwa yenu."

Maziwa tumeyapima. Kosa ni kwamba programu yenu inapunguza mraba wa kipenyo cha tone kwa kasi ileile hadi mwisho. Hiyo ni hesabu ya maji matupu! Maziwa yetu yana yabisi (vitu visivyo maji) 45% yanapofika kwenye kinyunyizio. Maji yakitoka upesi kuliko yabisi inavyoweza kusambaa kurudi katikati, juu hufunga ganda, na kuanzia hapo ukaushaji hupungua kasi. Ndani bado kuna unyevu. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, ikiwa kavu kabisa hulainika kwenye nyuzi 101 hivi. Ikiwa na unyevu kidogo tu, hulainika chini sana ya hapo, na hewa yetu ya kukaushia inatoka kwenye chemba ikiwa na nyuzi 85. Itaachaje kunata? Watafiti Charlesworth na Marshall waliandika habari za ganda hilo mwaka 1960. Brosha yenu inasema "inafaa kwa maziwa".

Kabla ya kikao niliwatumia picha za hadubini zenye dalili za ganda hilo: chembe za unga zenye uwazi ndani, nyingine zimekunjamana. Kilichorudi ni ankara ya kuhuisha leseni.

Na bado alicheka. Fundi aliyekesha ndani ya chemba akikwangua alikuwa ameketi kando yangu, viganja vina malengelenge, anaambiwa aangalie maziwa. "Mama, modeli haikosei." Kisha akazima kamera nikiwa katikati ya sentensi.

Mwanzoni nilitaka mrekebishe modeli, basi. Sasa nataka ada yote ya leseni irudishwe, na huyo bwana aombe radhi kwa maandishi, akianza na fundi. Hasara ya siku ambazo chemba ilisimama mtalipa pia. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, jalada linakwenda Tume ya Ushindani na nakala kwa wakili wetu. Kikao kilirekodiwa, na kicheko kimo.

Wako,
Mhandisi wa Ukaushaji