Dakika tatu zatosha, semina si lazima

Mhariri,

Waajiri hulipia semina ya siku nzima kuhusu msongo wa mawazo, kisha karani anarudi kukaa saa nne mfululizo. Bora dakika tatu za mazoezi ya pumzi na viungo kila baada ya saa moja. Keti wima, nyayo sakafuni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 6. Rudia mara 10. Kule kutoa pumzi polepole ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Wengi huvuta nyingi mno, tena kwa pupa, wakashikwa na kizunguzungu. Hapo acha, pumua kawaida. Fikra zikitangatanga, zirudishe kwenye pumzi bila kujilaumu. Kisha simama, zungusha mabega kwa nyuma mara 8, inua visigino mara 15. (Simu ibaki mezani, tafadhali.) Ila mazoezi hayafidii upungufu wa wafanyakazi.

Wakufunzi wa mazoezi ya viungo,
Dar es Salaam