Malalamiko: kurasa 16 za mwisho hazipo, halafu mhudumu wenu kanitajia muuaji

Kwa meneja wa duka, au yeyote hapo mwenye sauti juu ya yule kijana anayejibu WhatsApp,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa Mwanza, niliagiza kitabu kimoja tu cha upelelezi, Sleeping Murder cha Agatha Christie, nikalipa 28,000 kwa simu na 6,000 ya kusafirishiwa kwa basi, risiti ninayo na skrinishoti zote ninazo. Naandika barua sasa maana kuchati nimechoka, kila siku napata mtu mpya anayeanza na "habari mpendwa mteja, tukusaidie nini" wakati hapo juu tu kwenye chati hiyohiyo nimeshaeleza mara nne.

Tatizo ni hili. Kitabu kina kurasa 224. Nimesoma vizuri mpaka 208, nafunua ukurasa unaofuata nakutana na namba 177. Nikajua usingizi huo, nikarudi nyuma, nikaenda mbele, wapi, kuanzia hapo ni 177 mpaka 192 zimejirudia halafu jalada. 209 mpaka 224 hazimo kabisa. Kuna jirani yangu mzee aliwahi kufanya kazi kwenye uchapaji, akakipindua akakiangalia mgongoni akaniambia hilo ni kosa la kiwandani, vitabu vinafungwa kwa mafungu na hiki kila fungu lina kurasa 16, mtu kaokota fungu la 12 mara mbili akalisahau la 14. Kwa hiyo sisemi kwamba nyie ndo mmenyofoa, hilo naliweka wazi ili tusigombane bure. Ninacholalamikia ni mlichofanya baada ya kuwaambia.

Kwanza mkaniambia nirudishe kitabu kwa gharama zangu. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa ndo utaratibu. Nikakataa. Siku mbili kimya, halafu ikaja meseji kwamba mmenifikiria na mtanirudishia 2,000. Nikakaa najiuliza hiyo 2,000 imetoka wapi, mpaka nikachukua kikokotoo cha simu: 28,000 gawanya kwa 224 ni 125, zidisha kwa 16 ni 2,000 kamili. Jamani. Mtu amekaa ofisini akapima kurasa za mwisho za kitabu cha upelelezi kwa bei ya kurasa kama anayepima kitambaa kwa mita!

Hivi nyie mnaouza vitabu, mnavisoma? Mpishi akikupikia wali ukakosa chumvi unaweza ukasema nipunguzie bei ya chumvi. Lakini hiki si chumvi, hiki ni sawa na fundi kakushonea suruali nzima akabakiza kiunoni, halafu anakuambia asilimia tisini na tatu ya kitambaa umepata bana. Kurasa 208 zote nimemkopesha huyu mwandishi, nimekubali kuchanganywa, nimekubali kushuku watu wema, nimelala na maswali, deni lenyewe linalipwa kwenye hizo 16.

Na kitabu chenyewe ni cha namna gani, ngoja niwaeleze kidogo maana naona mnakiuza hamkijui. Binti anaitwa Gwenda, kaolewa juzi tu, kakulia New Zealand, anakuja Uingereza kutafuta nyumba ya kuishi na mumewe. Anaipata mji mmoja wa pwani, anaipenda palepale. Ila mambo yanaanza kuwa ya ajabu. Anataka kwenye bustani zitengenezwe ngazi mahali fulani, kumbe chini ya vichaka ngazi za zamani zipo palepale. Anataka ukuta utobolewe mlango, fundi anamwambia mama, hapa palikuwa na mlango, umezibwa. Anawaza chumba kimoja akibandike karatasi za ukutani zenye maua mekundu na ya buluu, siku linafunguliwa kabati lililokuwa limepakwa rangi likagandia, ndani yake kuna karatasi hizohizo. Halafu siku wako London kwenye tamthilia, mwigizaji anatamka maneno juu ya maiti ya mwanamke, Gwenda anapiga ukelele anatoka mbio ukumbini. Anadhani anachanganyikiwa. Kumbe utotoni aliwahi kuishi ndani ya nyumba ileile, na akiwa mtoto mdogo wa kuchungulia kwenye nguzo za ngazi aliona mwanamke amelala chini amekufa. Miaka kumi na nane imepita, watu wote wanajua yule mwanamke, mama yake wa kambo, alitoroka na bwana. Hakuna polisi aliyeitwa, hakuna kesi, hakuna hata kaburi.

Anayeifukua hiyo kesi si askari. Ni bibi mmoja mzee, Miss Marple, hana cheo, hana kibali cha kupekua nyumba ya mtu, ana sindano zake za kufumia na masikio. Na mwanzoni anawakataza kabisa wale vijana, anawaambia jambo lililolala liacheni lilale. Kazi yake yote ni kupiga stori na wapishi wa zamani na wenye maduka, na kila akikutana na mtu anamlinganisha na mtu fulani wa kijijini kwake.

Hapo ndo naingiza mtu wa pili kwenye malalamiko haya, naye ni bibi yangu.

Bibi ana miaka 81, macho hayaoni maandishi, Kiingereza hajui. Mimi nasoma mchana dukani kwangu, jioni namhadithia akiwa anachambua mchele. Tumeenda hivyo wiki tatu. Na yeye ana tabia ileile ya yule bibi wa kitabuni, mhusika akitokea tu anasema huyo ni kama fulani wa Sengerema, yule fundi cherehani aliyekuwa anacheka na kila mtu. Nilipomwambia kwamba nguo zilizokosekana siku mama yule "alipotoroka" hazikuendana, gauni moja na viatu vya gauni jingine, bibi aliacha mchele. Akasema mjukuu wangu, mwanamke anayemkimbilia bwana hakosei viatu, hizo nguo zimefungashwa na mtu mwingine. Mimi nimesoma mpaka chuo na kile kipande nilikuwa nimekipita tu. Tangu jioni ile ana mtu wake anayemshuku, na amewekeana dau na yule mzee jirani wa uchapaji, kuku mmoja kila mtu. Mzee anamshuku mwingine. Kuku wawili wako nyuma ya nyumba wamefungwa wanasubiri Agatha Christie aamue.

Sasa niwape kilele. Nilipoikataa ile 2,000 nikaandika kwa hasira kidogo (nakubali, herufi kubwa) kwamba NATAKA KUJUA MWISHO. Kijana wenu akanijibu "usijali dada". Baada ya dakika kumi ikaingia voisi ya sekunde 19. Nikajua wanaelekeza basi gani limebeba kitabu kipya. Nikaifungua, simu iko spika, bibi yuko pembeni. Sekunde ya sita jina la muuaji hilo hapo, na zilizobaki akaeleza na sababu, kwa ufupi, kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. Akamalizia "nadhani tumekuhudumia".

Hamjanihudumia! Mimi sikutaka jina. Jina hata mwenyewe ningeweza kulitafuta mtandaoni kwa bando la mia tano. Nilitaka kuona yule bibi wa kitabuni amefikaje, wapi alijua, maneno gani yalimponza muuaji, na kwa nini nililisoma neno hilohilo nikalipita. Ukiondoa hiyo njia kinachobaki ni umbea wa watu waliokufa zamani. Sisi tuliosoma hadithi za mpelelezi Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla tunajua, raha si kujua nani, raha ni kumsikiliza Msa na kiko chake akimfungua macho rafiki yake Najum pale mwishoni. Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka 1960, nakala ya shuleni kwetu ilikuwa haina jalada, ina madoa ya chai, ila mwisho wake ulikuwepo wote.

Namshukuru Mungu majina ya Kizungu bibi yanampita kwenye simu, aliniuliza kasemaje huyo, nikamdanganya kwamba wanasema kitabu kingine kiko njiani. Kwa hiyo mimi sa hivi naishi na siri ya mauaji ndani ya nyumba. Kila jioni bibi ananiuliza kimefika? na ananitazama usoni. Mtu aliyeshika kosa la viatu akiwa anachambua mchele mnadhani mimi nitamficha siku ngapi?

Mara ya mwisho mmeniambia nakala nyingine labda baada ya miezi miwili, nivumilie. Kitabu hiki mwandishi alikiandika wakati wa Vita Kuu ya Pili akakiweka kabatini zaidi ya miaka 30, kikatoka 1976 yeye akiwa ameshafariki Januari ya mwaka huohuo. Kwa hiyo kusubiri kitabu hiki kimeshasubiriwa, zamu yangu isiwemo.

Ninachotaka: nakala nzima, kwa gharama zenu, wiki hii. Kama nakala hamna, basi mtafuteni mwenye nacho hata maktaba, mpige picha zinazosomeka za ukurasa 209 hadi 224 mnitumie wakati mnatafuta kitabu, ila mhakikishe ni toleo hilohilo maana namba za kurasa zinatofautiana. 2,000 yenu sitaki. Kabla ya kufunga kifurushi mtu afunue akague 193 mpaka mwisho, kwa macho, si kwa kukadiria unene. Na yule kijana asifukuzwe kazi, nadhani alikuwa na nia nzuri, ila apewe kitabu akae nacho.

Kifurushi kikipanda basi nitumieni namba ya gari na simu ya kondakta, nitakifuata mwenyewe stendi ya Nyegezi. Kwa meseji ya maandishi tafadhali. Voisi sifungui tena.

Mteja wenu,
Mwanza

N.B. Kuku wa mzee ameanza kutaga, na bibi anasema mayai yahesabiwe kwenye dau.